Damu ya Asahel Lovern

Zima hiyo televisheni, Dorsey, mpira utaendelea bila wewe, uje ukae upande huu ambao sikio langu bado linasikia; nawe Nadine acha vyombo, vitaoshwa nikishaondoka. Carlene, wewe kaa popote utakapo, au simama, au toka nje ukiona maneno yananuka, maana hukuja hapa kwa kunipenda, umekuja kwa sababu nilikuandikia barua nikakuomba, na mwombaji hachagui namna ya kuitikiwa. Nipeni masikio wote watatu. Muuguzi amesema labda Jumatano, labda Ijumaa. Mimi nimesoma vyeti vya vifo vingi kumpita yeye, na naona tusingoje zaidi ya Jumapili hii.

Msinililie, wanangu, kwa kuwa mimi mwenyewe silii. Huu ni mwaka wa kumi kifua changu kimekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya kanisani, tofauti ni kwamba mguu huamka. Nilimzika baba yenu Hobart kwa ganzi hiyohiyo, macho makavu, nikihesabu magari yaliyopanda kilimani, mkawaambia watu kwamba Mama ana imani kubwa. Haikuwa imani. Leo nitawaambia ilikuwa nini, na nikisimama kuvuta pumzi msidhani nimemaliza.

Kwanza mali, kwa kuwa moyo wa mrithi hautulii mpaka usikie mali. Nyumba hii ni ya Nadine, ambaye ameniogesha miaka miwili bila kunung'unika mbele yangu. Alikonung'unikia sikujui na sikutaki. Shamba la bondeni, kuanzia barabarani hadi kijito cha Marrow, pamoja na ghala la tumbaku, ni la Dorsey, na usimkodishe mtu wa kampuni ya kuchimba gesi hata akija na keki. Mablanketi ya viraka aliyoshona mama yangu mchague kwa zamu, mdogo aanze, na atakayegombana na mwenzake kwa ajili ya kitambaa ajue kwamba mama yake aligombana kwa kitu chepesi kuliko hicho na hakupata nafasi ya kusuluhishwa. Makabati mawili ya chuma chumbani nyuma, yenye karatasi zangu za miaka arobaini na minne, yapelekwe maktaba ya kaunti, ila moja. Hiyo moja imo ndani ya friza, chini kabisa, chini ya mahindi ya mwaka juzi, ndani ya mfuko wa mkate, kwa kuwa nyumba ikiungua friza ndiyo hubaki. Nadine, nenda ukailete. Nenda, nitakungoja.

Haya. Iweke mezani isiloe, na msiisome bado.

Mnajua, maana niliwachosha nayo kila sikukuu, kwamba ukoo wetu unaanza na Asahel Lovern, aliyetoka Virginia akavuka milima na mke wake Keziah, farasi mmoja na shoka, akapimiwa eka mia mbili kando ya Marrow mwaka 1796. Hilo ni kweli na hati ipo. Nilipoajiriwa kupiga chapa kwa karani wa kaunti mwaka 1958 nilikuta vitabu vya ardhi vimerundikwa chini ya ngazi, vinanuka ngozi na panya, na wenzangu walipokwenda kula mchana mimi nilibaki na mkate wangu mdogo wa nyama nikivifungua. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, na bibi yenu, mamake Hobart, alikuwa amesema mbele ya wageni, nikiwa nimeshika sahani, kwamba akina Lovern ni watu wa juzi, takataka zilizoletwa na mafuriko. Neno lile lilinikwama kooni. Basi siku nilipoufunua ukurasa nikaliona jina letu, na chini yake maneno ya mpima, kwamba mnyororo wa kupimia ulianzia kwenye mwaloni mweupe ulio penye mgeuko wa kijito ukaenda mashariki hadi kwenye jiwe lililochongwa alama, nilijisikia kama mtu aliyesimama kutwa nzima halafu akaletewa kiti.

Lakini babu wa kwanza asiye na mtoto hamfai mtu, ilinibidi nipate njia ya kutoka kwake hadi kwetu. Baba yangu Ottis alikuwa mwana wa Lemuel, Lemuel mwana wa Josiah, Josiah mwana wa Micajah. Hayo yamo kwenye Biblia ya familia na hakuna wa kuyabisha. Micajah yumo katika sensa ya mwaka 1850, umri miaka hamsini, mkulima, anaishi palepale alipoishi Asahel. Sasa Micajah ni nani kwa Asahel? Nikarudi nyuma mpaka sensa ya 1810. Zamani zile karani wa sensa aliandika jina la mwenye nyumba peke yake. Mke, watoto na wengine wote walikuwa tarakimu tu, kila mmoja katika safu ya umri wake. Kwa Asahel nikakuta mwanamume mmoja mzee, mwanamke mmoja mzee, na katika safu ya wavulana wa miaka kumi hadi kumi na sita, moja. Nikaishika ile moja kwa mikono miwili. Halafu nikapata hati ya mwaka 1821, Asahel anampa Micajah Lovern eka mia moja kwa dola moja. Nani humpa mtu eka mia kwa dola moja kama si baba kwa mwanawe?

Hati ile haikusema mwanangu. Baba wengine wote katika kitabu kile waliandikiwa "mwanangu mpendwa", ndivyo makarani wa siku zile walivyozoea, lakini hapa paliandikwa jina tupu. Niliona. Nataka mjue kwamba niliona, nikajiambia mzee alikuwa mtu wa maneno machache, nikafunga kitabu nikarudi kupiga chapa. Kila anayetafuta babu zake huonywa siku ya kwanza kwamba jina moja, paa moja na shamba moja si ushahidi wa damu. Mimi mwenyewe nimewaonya watu mamia kwa barua, wengine kwa ukali. Lakini mganga hajigangi, na mimi nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Mwaka 1976 nikamwekea Micajah jiwe jipya la kaburi pale kilimani, "Mwana wa Asahel", na chama cha wazao wa walowezi kikanipa kile cheti mnachokiona ukutani. Bibi yenu alikuwa bado hai. Nilimpa miwani yake nikasimama mpaka akakisoma chote. Akasema, "Sawa, Orpha." Nililala usingizi mzuri sana siku ile.

Kiburi, wanangu, hakishibi cheti kimoja. Mwaka 1979 nafasi kilimani zilikuwa zinapungua, na watu tusiowajua walikuwa wakija kila Mei, Jumapili ya kupamba makaburi, wanakula kuku wetu, kisha wanauliza kama kuna pembe iliyobaki. Nikaandika sheria, nikaisajili mahakamani, kwamba atakayezikwa makaburi ya Lovern awe damu ya Asahel Lovern, au awe ameoa au kuolewa na damu hiyo. Tukaweka uzio na lango, na ufunguo nikaushika mimi. Ilitakiwa sahihi ya mdogo wangu Denzil, kwa kuwa kilima tuliachiwa sote wawili. Akasaini juu ya boneti ya gari bila kusoma, anacheka, "Dada, wewe wafu wote wa kaunti hii unawajua kwa majina, walio hai unawaita 'wewe hapo'." Aliyeisoma ni baba yenu peke yake. Akasema, "Orpha, mimi si damu." Nikamwambia, "Wewe umeoa damu." Akasema, "Haya," akaenda kukamua ng'ombe.

Sasa nakuja kwenye mama yako, Carlene, na kama unataka kutoka, toka sasa.

Denzil na Wilma hawakujaliwa mtoto. Mwaka 1959 wakamchukua Treva, msichana wa miaka miwili, mama yake amekufa na hakuna ndugu aliyejitokeza, na karatasi za kumwasili nilizipiga chapa mimi, kwa vidole hivi, nikampigia na muhuri. Alikua akiniita Shangazi. Dorsey, wewe ulikuwa unakimbia nikikuita uje usome karatasi za zamani, na Nadine ulikuwa unalala. Treva ndiye aliyekaa nami, kidole juu ya mstari, mpaka akaujua mwandiko wa makarani wa zamani kunishinda. Kila Mei alikuwa wa kwanza kupanda kilimani na ndoo na brashi, akalisugua jiwe la Asahel mpaka herufi zikaonekana, akisema, "Babu, geuka nikuoshe na huku nyuma." Tulikuwa tunacheka. Nilikuwa nampenda yule mtoto. Nalisema hilo mbele yako, Carlene, na najua halina thamani, kwa kuwa upendo uliokaa nje ya lango ni kama haukuwapo.

Februari ya 1988 gari lake liliteleza kwenye barafu pale darajani. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na wewe ulikuwa na minne. Jumatatu asubuhi Denzil akaja jikoni humu humu, kofia mkononi, hakukaa. "Dada, nipe ufunguo wa lango, wachimbaji wananingoja barabarani."

Nikamwambia, "Denzil, kuna karatasi."

"Karatasi gani?"

"Uliisaini."

Akanitazama sana. "Unamsema Treva?" akaniuliza. "Treva wetu?"

Nikamwambia nikimfungulia mmoja nitakuwa nimewafungulia wote, kwamba sheria ni msumeno, na msumeno hauulizi huyu ni nani. Akasema taratibu, "Miaka ishirini na tisa amekula mezani kwangu. Kuzaa si kazi, Orpha, kazi ni kulea." Nami nikamjibu, na nayarudia maneno kama yalivyotoka ili msije mkaambiwa na mtu mwingine, "Sikatai umemlea. Lakini pale ni pa damu." Akavaa kofia akiwa ndani ya nyumba yangu, jambo alilokatazwa na mama tangu utoto, akatoka. Akamzika mwanawe makaburi ya umma kando ya barabara kuu, nyuma ya duka la chakula cha mifugo. Sikwenda. Nikapika paja la nguruwe nikawatumia wafiwa, kama inavyopasa, na paja likarudi vilevile, limefungwa kamba yangu mwenyewe. Wilma alipofariki mwaka 1996 naye akapelekwa kulekule. Denzil hakunisemesha tena mpaka kufa kwake, miaka kumi na sita kasoro mwezi.

Nadine, maji. Kidogo tu. Inatosha.

Machi ya mwaka 2002 mtu mmoja wa Missouri aliniandikia akiomba nimtafutie kibali alichopewa babu yake kujenga kinu cha maji cha kusagia nafaka. Vibali vya vinu vilikuwa vinaandikwa katika vitabu vya amri za mahakama ya kaunti, na vile havina faharasa, lazima uvisome ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayechambua dengu, ndiyo maana sikuwahi kuvisoma kwa ajili yangu. Nilisema kila mara kwamba ni uvivu. Alhamisi moja, saa nne asubuhi, nikitafuta kinu cha watu, nikafika kwenye ukurasa ambao nakala yake ndiyo hiyo mezani. Sasa usome, Nadine, kwa sauti.

Mmesikia. Mwaka 1807, imeamriwa kwamba Micajah, mwana wa Sabra Tunnell, asiye na baba anayejulikana, umri miaka saba, akabidhiwe kwa Asahel Lovern amtumikie mpaka atimize miaka ishirini na moja, afundishwe ukulima na kusoma, na siku atakayoachiwa apewe nguo kamili na shoka. Ndivyo mahakama zilivyokuwa zikifanya: mama akiwa maskini hana mume, walimchukua mtoto wakamkabidhi kwa mwenye shamba. Mtoto wa namna ile aliletwa kwa ajili ya mikono yake. Ile moja niliyoishika katika sensa haikuwa mwana wa Asahel, alikuwa mtumishi mdogo, mtoto wa mtu mwingine kabisa. Jumlisheni wenyewe, saba na kumi na nne, mtafika mwaka 1821, mwaka wa ile hati. Micajah alitimiza miaka ishirini na moja, akapaswa kupewa nguo na shoka aende zake, na mzee Asahel, ambaye hakuwa na mtoto, na mke wake ameshazeeka, akampa eka mia na jina.

Hatuna hata tone la damu ya Asahel, wanangu. Mimi sina, ninyi hamna, baba yangu hakuwa nalo. Kwa sheria niliyoiandika kwa mkono wangu, kati ya watu hamsini na watatu waliolala kilimani siku ile, waliostahili walikuwa wawili, mume na mke, na waliobaki wote ni wavamizi. Msumeno ule hukata mbele na nyuma, nilikuwa nimesahau nusu ya methali. Nilikifunga kitabu, nikampata yule mtu wa Missouri kinu chake ukurasa wa arobaini mbele, nikamwandikia barua ya adabu. Kisha nikatoa nakala, nikaifunga, nikaishindilia chini ya mahindi.

Na Denzil alikuwa hai. Hilo ndilo nililowaitia, hayo mengine yote ni njia ya kufikia hapo. Alikuwa hai, maili nne kutoka hapa, na akaendelea kuwa hai miezi ishirini na miwili nami nikiwa na karatasi ile ndani ya nyumba. Oktoba nikaitoa siku moja, nikaiweka kiti cha abiria, nikaendesha mpaka kwake. Alikuwa barazani anamenya matofaa, na wewe Carlene ulikuwa umekaa ngazini na bakuli. Akaona gari linakuja, akainua mkono, kama sote tunavyoinulia mkono gari lolote linalopita. Halafu akalitambua kuwa ni langu. Mkono haukushuka. Mliosikia kwa watu kwamba Denzil alikufa na chuki mjue hivyo: alilitambua gari langu na mkono wake ukabaki juu, kisu kimo ndani yake, anangoja. Nikafika penye sanduku lake la barua, nikapunguza mwendo, kisha nikakanyaga mafuta.

Kwa nini? Kwa sababu cheti kilikuwa ukutani. Kwa sababu ningetakiwa kusema neno moja, nilikosea, na nilikuwa na miaka sabini na miwili sijawahi kulisema. Sababu nyingine sina, na nikifa msinitungie. Januari ya pili yake moyo wake ukasimama akibeba kuni. Nilikwenda mpaka nje ya nyumba ya maombolezo, nikakaa ndani ya gari, injini inawaka, nikawaona watu wakiingia na kutoka na sahani. Nilingoja uchungu unijie. Nikangoja wiki, nikangoja mwaka. Haukuja, hata leo naeleza haya kama ninayesoma karatasi ya mtu mwingine. Majuto ni mjukuu, wanasema. Kwangu hata huyo mjukuu hakuzaliwa.

Basi sikilizeni ninachotaka. Wakili ameandaa karatasi ya kuifuta sheria ya 1979. Inahitaji sahihi za warithi wa wote wawili waliosaini, yaani Dorsey na Nadine kwa upande wangu, na Carlene kwa upande wa Denzil, kwa kuwa mahakamani wewe ni mjukuu wake halali, muhuri niliupiga mwenyewe. Hilo la kwanza. La pili, kuna nafasi ya makaburi matatu chini ya mwerezi, upande wa juu, karibu na Asahel. Nimeipima. Nimezungumza na watu wa mazishi, wanaweza kuwahamisha Denzil, Wilma na Treva kabla ardhi haijaganda, wapandishwe kilimani mchana kweupe, na mchungaji, na watu wote waone. Nataka liwe limefanyika kabla sijaletwa mimi. Carlene, mjukuu wangu, na ni mara ya kwanza nakuita hivyo, nakuomba. Nilimfungia mama yako lango kwa haki ambayo sikuwa nayo. Nilikosea. Nilikosea, Carlene.

Unasema nini? Sogea, sikio hili limechoka.

Atasaini. Amesema atasaini. Asante. Umesema kwa ajili ya watoto wa kulelewa wa watu wengine, si kwa ajili yangu. Sawa, sahihi ni sahihi. Na la pili?

Rudia. Mwache, Nadine, usimshike mkono, sikumwita aje kunifariji. Rudia.

Amesema hawahami. Amesema babu yake alipachagua pale mwenyewe, akapanda na ua, na kila Mei wanakwenda na keki ya matofaa wanakaa kwenye nyasi walizokata wenyewe, malori yanapita, na hakuna aliyewahi kuwauliza ni damu ya nani. Amesema... haya, semeni nanyi kama nimekosea... amesema mama yake si sanduku la kusogezwa ili Bibi Orpha alale vizuri.

Ngojeni.

Ngojeni kidogo. Hapana, Dorsey, usimwite muuguzi. Siyo mapafu. Neno lake linauma, basi. Limeuma hasa. Denzil, mdogo wangu... mkono wako ulikuwa juu, na mimi... Niacheni. Nilidhani leo natoa kitu, kumbe nilikuwa bado naomba. Una haki, mtoto. Usilibadilishe neno lako kwa sababu kikongwe analia. Wasihamishwe. Andika hivyo, Nadine, wasihamishwe kamwe, hata akija mwingine baadaye mwenye moyo mzuri kama wangu.

Sasa yaliyobaki, haraka, pumzi inakwisha. Cheti mkishushe leo, kabla hamjala. Jiwe la Micajah mliache lilivyo. Karibu yake mweke jiwe dogo la Sabra Tunnell, ambaye alinyang'anywa mtoto wa miaka saba na hakuna karatasi iliyoandika alilala wapi. Hatujui kaburi lake, lakini jina lipate mahali. Mimi nilazwe kando ya Hobart, sanduku la bei ndogo, na mchungaji asitaje walowezi. Lango liondolewe na bawaba zake. Ikifika Mei, kabla ya kupanda kilimani, mmuulize Carlene kama mnaweza kwenda kule barabarani kukata nyasi. Akikataa, msiende. Muulize tena mwaka unaofuata. Msichoke kuuliza na msimlaumu akikataa.

Inueni mto... hivyo. Dorsey, Mungu akupe subira, ulizaliwa bila yake. Nadine, Mungu akulipe, mimi sikukulipa. Wewe Carlene sina haki ya kukubariki, ila Mungu hahitaji ruhusa yangu, akubariki kwa njia Yake, wewe na utakaowazaa na... na utakaowalea.

Nadine, kalamu. Kwa wino. Andika nikisema, na huu ndio uwe ukoo, ule mwingine uchomeni. Carlene, mwana wa Treva. Treva, mwana wa Denzil na Wilma. Denzil... wa Ottis. Ottis wa Lemuel. Lemuel wa Josiah. Josiah wa Micajah. Micajah... polepole, nakuja... Micajah, aliyezaliwa na Sabra... akalelewa na Keziah... mwana wa Asahel. Andika, mwana wa... usiweke alama ya kuuliza. Weka nukta.

Umeandika? Nisomee. Anza na Carlene.